Nataka `reload` (huduma isome mipangilio mipya bila kuzimwa) iwe na ahadi moja kwenye seva zetu zote. Nyie mnapangaje amri za kuwasha upya huduma?

fundi_wa_zamu

Wakuu, habari za kazi.

Nasimamia seva za kampuni moja ya huku Mwanza. Za wavuti na za hifadhidata ni Debian 12, zile ndogo za matawini ni Alpine, na lango la mtandao ni FreeBSD niliyoikuta. Kuna pia Asterisk, programu ya simu ya kituo cha huduma kwa wateja, tuliyoijenga wenyewe kutoka kwenye msimbo wake, na programu yetu ya malipo iliyoandikwa kwa Go.

Zamu tunapokezana, na baadhi ya wenzangu uzoefu wao mkubwa ni wa Windows. Mtu akiambiwa usiku "cheti kimehuishwa, fanya reload", kwenye Debian anaandika `systemctl reload nginx` (nginx ndiyo inayohudumia tovuti), kwenye Alpine `rc-service nginx reload`, kwenye FreeBSD `service nginx reload`. Huku kitendo kinatangulia jina, kule jina linatangulia kitendo. Inasumbua, lakini mtu anazoea. Kinachoninyima raha ni kwamba kitendo chenyewe hakiahidi kitu kilekile kila mahali.

Mfano ninao. Aliyekuwa hapa kabla yangu aliacha skripti ya kurahisisha kazi: unaipa jina la huduma na kitendo, yenyewe inajua iko kwenye mfumo gani. Ndani yake kuna mstari unaosema kwamba huduma ikikosa `reload`, basi ifanyiwe `restart`. Faili la systemd (msimamizi wa huduma kwenye Debian) la Asterisk yetu halikuwa na `ExecReload`, mstari unaotaja amri ya reload. Mwenzetu mmoja akaongeza namba ya simu ya ndani mchana kweupe, akaandika reload kama alivyoelekezwa, na Asterisk ikazimwa na kuwashwa. Simu zote zilizokuwa hewani zikakatika, waliokuwa wanasubiri kwenye foleni wakaanza upya. Skripti ikaandika "OK" kwa kijani. Kijana alifuata maelekezo neno kwa neno, na bado ndiye aliyeandikiwa barua. Hilo sijakubaliana nalo hadi leo, na ndilo lililonifanya niamue kuiandika skripti hii upya.

Amri itaitwa `huduma`, ikifuatiwa na jina kisha kitendo: `huduma nginx reload`. Nimetanguliza jina kwa sababu ukiwa na tatizo, jina halibadiliki. Unabonyeza mshale wa juu, unafuta neno la mwisho, `status` inakuwa `reload`. Najua kwa `systemctl` unaweza kutaja huduma nyingi kwa mpigo, ila kwa watu wa zamu sitaki huduma nyingi kwa mpigo.

Msimamo wangu mpaka sasa: `start` kwa huduma ambayo tayari imewaka si kosa, inasema "tayari imewaka" na kurudisha 0, namba ya kufaulu. `stop` vivyo hivyo kwa iliyozimwa. `restart` inachunguza mipangilio kwanza, na ikiwa mibovu inakataa kabla haijagusa chochote. `reload` haigeuki kuwa `restart` kwa hali yoyote ile. Isipowezekana inakataa na kueleza kwa nini.

Ninapokwama ni hapa. Huduma iliyozimwa kwa makusudi, mtu akiifanyia `restart`, iwashwe au ibaki ilivyo? Na amri ya `reload` ikimaliza na kurudisha 0, nitajuaje kwamba mipangilio mipya imeanza kutumika kweli? Naomba uzoefu wenu, hasa wenye mifumo mchanganyiko.

---

dada_kerneli

Fundi, umeanza vizuri, na pole kwa huyo kijana. Nitajibu kwa urefu kidogo kwa sababu hapa pana mitego ambayo haionekani mpaka siku ikikunasa.

Kwanza, haya unayoyapanga yameshafikiriwa zamani. Kiwango cha LSB, kilichoelekeza skripti za `/etc/init.d`, kilitaja vitendo hivi na tabia zake: `start`, `stop`, `restart`, `force-reload` na `status` vya lazima, `reload` na `try-restart` vya hiari. Kilisema pia kwamba `start` kwa kilichowaka na `stop` kwa kilichozimwa vihesabiwe kufaulu, sawa na ulivyoamua. Chukua na namba zake za kurudisha, usitunge zako: 3 ni kitendo kisichotekelezwa na huduma hiyo, 4 ni kukosa ruhusa, 5 programu haijasakinishwa, 6 haijapangiliwa, 7 haijawaka. Kwa hiyo `huduma asterisk reload` isipowezekana irudishe 3, na huduma ikiwa imezimwa irudishe 7. Skripti nyingine itakayoita amri yako itaelewa bila kusoma maandishi. Angalizo: `status` ina orodha yake tofauti, na huko 3 maana yake ni kwamba huduma imezimwa. Usizichanganye.

Swali lako la `restart` kwa kilichozimwa: LSB na systemd vyote vinaiwasha. Upstart ya Ubuntu za zamani ilikataa, ikasema haina nakala inayofanya kazi, na watu walihangaika nayo sana. Mimi ningefuata walio wengi, `restart` iwashe, kisha ningeweka `try-restart` kwa anayetaka "iwashe upya kama tu ilikuwa imewaka". Hiyo ndiyo ya kutumia kwenye kazi za kujiendesha, ili huduma uliyoizima kwa makusudi isifufuliwe na skripti saa 9 usiku.

Sasa hilo la kuchunguza mipangilio kabla ya `restart`. Usilegeze hapo hata kidogo. Fungua faili la nginx kwenye Debian kwa `systemctl cat nginx`, utaona `ExecStartPre` inayoita `nginx -t`. Wengi wakiuona ule mstari wanadhani wako salama. Lakini `restart` ya systemd ni kuzima halafu kuwasha, na `ExecStartPre` ni sehemu ya kuwasha. Ukiwa na nukta-mkato iliyosahaulika kwenye faili, nginx nzima iliyokuwa inahudumia watu inazimwa kwanza, ndipo uchunguzi unagundua kosa, na unabaki huna kitu. Uchunguzi unapaswa kutangulia kuzima. `apachectl restart` inafanya hivyo miaka yote: inapitia mipangilio kwanza, ikikuta kosa inaacha Apache ikiendelea. Kwa nginx tumia `nginx -t`, kwa SSH `sshd -t`, kwa HAProxy `haproxy -c -f` na njia ya faili.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye hiyo programu yenu ya Go. Reload za programu nyingi ni ishara ya SIGHUP, ishara namba 1, iliyobuniwa kuiambia programu kwamba terminali imekatika. Kwa hiyo programu isiyoishughulikia ishara hiyo, tabia yake ya asili ni kufa. Jaribu kwenye mashine yako: andika `sleep 1000 &`, kisha `kill -HUP %1`. Bash itakuandikia "Hangup" na `sleep` haipo tena. Programu ya Go isiyotumia `signal.Notify` kwa SIGHUP inatoka vilevile.

Mtu akinakili `ExecReload=/bin/kill -HUP $MAINPID` kutoka kwenye faili la huduma nyingine na kuubandika kwenye la programu yenu ya malipo, systemd itaonyesha kwamba huduma ina reload, na siku ya kuitumia itaiua. Msitegemee `Restart=on-failure` kuwaokoa, maana systemd inahesabu kufa kwa SIGHUP kuwa ni kutoka kwa heri, sawa na SIGTERM. Haitaiwasha tena. Itabaki imelala, na kwenye orodha ya zilizofeli hutaiona.

Kwa hiyo kuuliza `systemctl show -p CanReload` hakutoshi. Jibu la `CanReload=yes` maana yake ni kwamba kuna mtu aliandika mstari wa `ExecReload`, basi. Weka orodha yako mwenyewe ya huduma zilizojaribiwa, na `huduma` ikubali reload kwa zilizo kwenye orodha tu.

---

pwani_seva

Salaam kutoka Mombasa. Nakubaliana na dada kwa mengi, ila kwenye hili la kukataa kabisa nina neno, kwa upole.

Fundi unawafikiria watu wa zamu, na ni haki yako. Lakini amri hiyohiyo itakuja kuitwa na logrotate inayozungusha mafaili ya logi, na certbot baada ya kuhuisha cheti, na Ansible inayosambaza mipangilio kwenye seva nyingi. Hao hawasomi maelezo. Vyeti vya Let's Encrypt mnavyotumia wengi vinadumu siku 90. Ikitokea huduma moja haina reload na amri yako ikakataa usiku, hakuna atakayejua mpaka cheti kiishe na wateja waanze kupiga simu. Kwa kazi za namna hiyo nataka amri inayosema "hakikisha mipangilio mipya inatumika, kwa njia yoyote". Ndiyo maana LSB iliweka `force-reload`, na systemd ina `reload-or-restart` na `try-reload-or-restart`.

Tena kama unatumia Ansible, jihadhari. `state: reloaded` kwenye moduli yake ya systemd, ikikuta huduma imezimwa inaiwasha. `systemctl reload` kwenye hali hiyohiyo inakataa na kusema huduma haijawaka. Zana mbili, seva moja, tabia mbili. Ukijenga `huduma` yako halafu Ansible ikapita pembeni, kazi yote uliyofanya haitaonekana. Ielekeze Ansible iite amri yako.

---

fundi_wa_zamu

Ahsante dada, ahsante kaka wa Mombasa.

Pwani_seva, nimekuelewa na sipingi hitaji lako. Ninachopinga ni hitaji hilo kukaa chini ya jina `reload`. Anayetaka "kwa njia yoyote" aandike `reload-or-restart` kwa urefu wake wote, ili akisoma alichokiandika aone kwamba kuzimwa kumo ndani. Certbot yetu nitaiandikia hivyo kwenye `--deploy-hook` ya nginx. Kwa Asterisk sitairuhusu kabisa: anayetaka kuiwasha upya atalazimika kuchagua, kwa sababu yenyewe ina njia tatu na zinatofautiana mno. `core restart now` inakata kila simu hapo hapo. `core restart gracefully` inakataa simu mpya na kusubiri zilizopo ziishe. `core restart when convenient` inaendelea kupokea simu na kusubiri wakati ambao hakuna hata moja. Kituo chetu hakinyamazi mchana, hiyo ya tatu ingeweza kusubiri mpaka jioni, na jioni si mbaya. Kuyafunika haya matatu kwa neno `restart` ni kumficha mtu wa zamu jambo analopaswa kulijua.

Dada, nimefungua faili la programu yetu ya malipo. Mstari wa `kill -HUP` umo. Kwenye msimbo wa Go hakuna mahali SIGHUP inapopokelewa. Nimeuondoa huo mstari leo na kuwaandikia waandishi wa programu. Naomba unisaidie na lile swali la pili: nitajuaje reload imefanya kazi?

---

dada_kerneli

Vizuri umeuondoa mapema.

Amri kurudisha 0 haithibitishi mengi. `kill -HUP` inarudi ishara ikishatumwa, haingoji programu imalize kusoma faili. Maelezo ya systemd yenyewe yanashauri `ExecReload` iwe amri inayosubiri mpaka kazi iishe. Toleo la 253 lilileta `Type=notify-reload`, ambapo programu inatangaza yenyewe imeanza na imemaliza, lakini Debian 12 ina 252, kwa hiyo hamna hiyo mpaka mhamie 13. Waambie waandishi wa Go wakijenga reload waijenge kwa namna hiyo tangu mwanzo.

Hata nginx, ambayo reload yake ni nzuri kuliko nyingi, ina pengo. `nginx -s reload` inapitia sarufi ya faili kabla ya kutuma ishara, kwa hiyo kosa la maandishi utaambiwa. Ila ukiongeza `listen` ya mlango unaotumiwa na programu nyingine, sarufi ni safi, ishara inaenda, amri inarudisha 0. Prosesi mama ndiyo inayojaribu kuushika ule mlango, inashindwa, inaandika `bind() ... failed (98: Address already in use)` kwenye logi ya makosa, inarudi kwenye mipangilio ya zamani na kuendelea. Tovuti iko juu, hakuna aliyeumia, lakini mabadiliko yako hayapo na skripti imeandika OK.

Kwa hiyo kila huduma iliyo kwenye orodha yako iwe na swali lake la uthibitisho, linaloulizwa baada ya reload. Kwa cheti, muulize mlango wenyewe: `openssl s_client -connect localhost:443 -servername` na jina la tovuti, matokeo yapitishe kwa `openssl x509 -noout -enddate`, linganisha tarehe na ya faili lililoko diski. Kwa nginx kwa ujumla, angalia `ps`: prosesi mama ibaki na namba ileile, wafanyakazi (prosesi zinazohudumia wageni) wawe na namba mpya. Namba za wafanyakazi zisipobadilika, reload haikupita.

PostgreSQL inakupa jibu vizuri zaidi ya zote. Mipangilio kama `log_min_duration_statement` inabadilika kwa reload, ila `shared_buffers` na `max_connections` zinadai kuwashwa upya. Baada ya reload endesha:

`SELECT name, setting FROM pg_settings WHERE pending_restart;`

Ikirudisha mistari, `huduma` imwambie mtu wazi: "imepakiwa, lakini haya bado yanasubiri restart", na iyataje majina. Halafu imwache aamue saa ya kufanya hivyo. Na kwenye Debian usichukue hali ya `postgresql.service`. Hiyo inaonyesha "active (exited)" wakati wote kwa sababu ni jina la kukusanya tu. Hifadhidata yenyewe ni `postgresql@15-main.service`.

---

mgeni_wa_linux

Samahani wakuu kuingilia. Mimi siku zote nikibadilisha faili la nginx huwa naandika `systemctl daemon-reload`. Je, hiyo nayo ni reload ya namna gani? Maana mabadiliko mara nyingine naona, mara nyingine sioni.

---

pwani_seva

Karibu sana, swali lako ni la msingi. `daemon-reload` inaifanya systemd isome upya mafaili yake ya huduma, yale ya `/etc/systemd/system` na `/lib/systemd/system`. Nginx yenyewe haiguswi, haijui hata kama umeandika kitu. Ukibadilisha `/etc/nginx/nginx.conf` unahitaji `systemctl reload nginx`. Ukibadilisha `nginx.service` unahitaji `daemon-reload` halafu `restart`. Siku ulizoona mabadiliko, bila shaka kuna kitu kingine kiliifikia nginx.

Fundi, naona hapa pana la kuongeza kwenye zana yako: kabla ya `restart`, iulize systemd `systemctl show -p NeedDaemonReload` kwa huduma husika. Ikisema `yes`, faili la huduma limebadilika diskini na systemd bado imeshika la zamani. Mwambie mtu kabla hajawasha upya kwa mipangilio asiyoitarajia.

Na nimekubali kuhusu majina. Jina refu kwa jambo lenye hatari, sawa.

---

fundi_wa_zamu

Hiyo ya `NeedDaemonReload` naiweka. Kwenye FreeBSD nimekuta jingine la kwake: huduma isiyoruhusiwa kwenye `/etc/rc.conf`, ukiandika `service nginx start` inakataa na kukuelekeza utumie `onestart`. Nimeamua `huduma` isiipeleke `onestart` kimya kimya. Inaonyesha ujumbe uleule, inarudisha 6. Aliyeizuia kwenye `rc.conf` alikuwa na sababu zake.

Swali moja la mwisho. Nimejaribu uthibitisho wa nginx kwenye seva ya wavuti. Mama amebaki na namba yake, wafanyakazi wapya wapo, ila wa zamani nao bado wapo, `ps` inawaonyesha kama "worker process is shutting down", saa nzima sasa. Nikifanya reload nyingine wanaongezeka. Je, hiyo nihesabu kuwa reload imefeli?

---

dada_kerneli

Haijafeli. Mfanyakazi wa zamani anaacha kupokea wageni wapya, lakini haondoki mpaka amalize na wale alionao. Kama mna ukurasa unaotumia WebSocket, mfano dashibodi ya malipo inayobaki wazi kwenye kompyuta za ofisi, muunganisho huo unaweza kudumu siku nzima na mfanyakazi anabaki nao. Kila mmoja anashika kumbukumbu yake, kwa hiyo reload nyingi kwa siku zinaweza kujaza RAM kwenye seva ndogo.

Kwenye `nginx.conf`, nje ya sehemu ya `http`, weka `worker_shutdown_timeout 30m;`. Muda huo ukiisha, nginx inafunga miunganisho iliyobaki kwa nguvu. Hapo umekubali kwamba reload inaweza kumkata mtu baada ya nusu saa, kwa hiyo iandike kwenye maelezo ya `huduma nginx reload`, na waulize waandishi wa dashibodi kama inajiunganisha tena yenyewe ikikatwa. Kama haijiunganishi, warekebishe hilo kwanza kabla hujaweka huo mstari.